Tangi la maji Mombasa: ulisugue, ulitie jiki, ndimu ya unga au peroksaidi?

Fungua tangi la nyumba moja ya Kisauni, kisha ufungue la nyumba nyingine Nyali: uchafu utakaoukuta huenda usifanane hata kidogo. Moja limejazwa maji ya kisima miaka mingi, na ukuta wake umeganda chokaa nyeupe. Jingine linapokea maji ya mfereji, na sakafu yake ina tope laini ambalo hulioni mpaka ulikoroge. Kwa hivyo ushauri wa jirani uliomfaa yeye unaweza usikufae wewe, na chupa ya jiki iliyofanya kazi nzuri kwake ikapotea bure kwako.

Anza na kujua maji yako yanatoka wapi. Maji ya mfereji ya Mombasa yanasafiri kutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, chemchemi za Marere milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Na yanakuja kwa mgao. Bomba likikaa tupu siku kadhaa kisha maji yakarudi kwa nguvu, yanakokota kutu na mchanga uliotulia ndani. Pale palipopasuka, bomba tupu hufyonza hata maji machafu ya nje. Maji ya kisima nayo yamepita kwenye mwamba wa matumbawe, ndiyo maana yana chokaa na mara nyingi chumvi. Mwamba huo umejaa vitundu, na mahali ambapo vyoo vya shimo viko karibu, vitundu hivyo hupitisha zaidi ya maji. Maji ya boza (lori la maji) na ya mkokoteni yanaweza kuwa ya chanzo chochote kati ya hivyo, pamoja na uchafu wa boza lenyewe na mitungi yenyewe.

Hapa nalinganisha njia nne ambazo mtu wa Mombasa anaweza kuzifanya nyumbani: kusugua kwa mkono, klorini (ya jiki au ya unga), asidi nyepesi ya ndimu ya unga au siki, na haidrojeni peroksaidi, dawa ya kuua viini inayouzwa duka la dawa.

Tunapima kwa nini

Kila njia nimeiuliza maswali yale yale. Inaondoa nini hasa? Uchafu wa tangi una namna nne: mashapo ya chini, koga inayoteleza ukutani, magamba ya chokaa, na viini visivyoonekana. Inapoteza maji kiasi gani? Katika mji ambao watu hununua maji kwa mtungi, hili si swali dogo. Inapatana na tangi la aina gani, la plastiki, saruji au bati? Hatari yake ni ipi? Na vifaa vyake vinapatikana wapi?

Jambo moja lishike kabla hatujaendelea. Kusafisha ni kazi moja na kuua viini ni kazi nyingine. Dawa ikimiminwa juu ya tope humalizikia kwenye tope. Viini vilivyojificha ndani ya koga hubaki salama, kwa sababu utando ule ndio ngao yao. Watu wengi wanatia jiki kwenye tangi ambalo halijaguswa na brashi, wananusa harufu ya dawa, wanaridhika. Harufu haimaanishi tangi ni safi.

Kusugua kwa mkono

*Inaondoa nini.* Mashapo na koga, na katika hayo mawili hakuna dawa inayoishinda. Magamba magumu ya chokaa hayatoki kwa brashi peke yake, na viini havifi.

*Maji yanayopotea.* Machache kuliko watu wanavyodhani. Subiri siku ambayo tangi liko karibu kuisha. Katika matangi mengi ya plastiki tundu la kutolea maji liko juu kidogo ya sakafu, kwa hivyo maji ya mwisho na tope lake hayatoki kamwe kwa mfereji. Yanyonye kwa mpira, au uyachote kwa kopo na kuyamalizia kwa sponji. Ukishasugua, mitungi miwili au mitatu inatosha kusuuza tangi la lita 1000.

*Tangi.* La plastiki lisuguliwe kwa brashi laini yenye mpini mrefu, kwa dodoki au kumbi la nazi. Waya wa chuma uweke mbali: unaacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni makao mapya ya koga. Saruji inavumilia brashi ngumu. Tangi la bati lisuguliwe taratibu, kwa sababu ukiondoa ngozi yake ya zinki umeikaribisha kutu.

*Hatari.* Hapa ndipo napataka usome polepole. Tangi la chini ya ardhi linaweza kuwa na hewa isiyofaa kuvutwa, na mtu huanguka ndani bila kupiga hata ukelele. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Kama unaweza kusugua ukiwa nje, sugua ukiwa nje. Kama lazima mtu aingie, mifuniko yote iachwe wazi muda mrefu kabla, aingie akiwa amefungwa kamba, na pawe na watu juu ambao kazi yao ni kumwangalia tu. Akilegea avutwe kwa kamba, mtu mwingine asiingie. Pampu ya petroli isiwashwe ndani wala mdomoni mwa tangi, kwa sababu moshi wake unaua. Na mtoto asitumwe ndani ati kwa sababu yeye ndiye anayeenea kwenye tundu. Hilo linafanyika, na ni kosa kubwa.

*Vifaa.* Brashi, ndoo, mpira, sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Ni njia rahisi kuliko zote kwa mfuko, nzito kuliko zote kwa mgongo. Tangi la juu ya paa lisuguliwe asubuhi mapema kabla jua halijakolea.

*Inamfaa nani.* Kila mtu, kama hatua ya kwanza. Kama hatua pekee, inamtosha tu yule ambaye maji ya tangi hayanywi, hayapikii wala hayaoshei vyombo.

Klorini: jiki na klorini ya unga

*Inaondoa nini.* Inaua viini, na inafanya hivyo kwa uhakika ukiipa muda na ukuta safi. Haitoi mashapo na haigusi chokaa.

Jiki inayofaa ni ile ya kawaida isiyo na manukato, isiyo na rangi wala uzito wa kunata. Soma lebo uone asilimia ya sodiamu haipokloraiti. Nyingi za dukani ni kama 3.5. Kiasi kinachotumika kwa kawaida kuua viini kwenye tangi ni miligramu 50 za klorini kwa kila lita ya maji. Hesabu yake ni nyepesi: chukua 5, gawanya kwa asilimia iliyoandikwa, jibu ni lita za jiki kwa tangi la lita 1000. Ikiwa ni 3.5, utapata karibu lita moja na nusu. Pipa la lita 210 linataka kama mililita 300. Klorini ya unga ya asilimia 65 inafuata hesabu hiyo hiyo, ila jibu linakuja kwa kilo: karibu gramu 80 kwa lita 1000.

Jiki huchoka. Joto letu na mwanga wa jua huidhoofisha, na chupa iliyokaa dirishani tangu mwaka jana haina nguvu iliyoandikwa kwenye lebo. Nunua mpya, uiweke kivulini.

*Maji yanayopotea.* Hili ndilo linalowafanya watu wengi waikimbie. Njia ya vitabuni ni kujaza tangi zima kwa kipimo hicho, kuliacha saa 24, kisha kumwaga yote. Lita 1000 za maji ya kununua, zimwagwe! Lakini zipo njia mbili nyingine, na zote zimo katika kanuni ambazo wahandisi wa maji wa Marekani wanazitumia kwa matangi ya miji.

Ya kwanza ni kupaka. Tia jiki mililita 115 katika mtungi wa lita 20, upate nguvu ya miligramu 200 kwa lita. Lowesha ukuta wote, sakafu na kifuniko kwa brashi ndefu au sponji, uendelee kuulowesha kwa nusu saa, kisha toa na usuuze. Umetumia mtungi mmoja wa dawa na mmoja au miwili ya kusuuza.

Ya pili ni kujaza kidogo. Weka lita 50 zenye jiki mililita 70 kwenye tangi la lita 1000, uziache saa sita. Halafu jaza tangi kwa maji safi mpaka juu, na ungoje saa 24. Klorini inakuwa imepungua hadi kama miligramu 2.5 kwa lita, chini ya 5 ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa kikomo cha maji ya kunywa. Hakuna tone linalomwagwa. Kasoro yake ni kwamba sehemu ya juu ya ukuta inapata dawa hafifu tu, kwa hivyo inafaa zaidi tangi ambalo limekuwa likitunzwa. Chagua moja kati ya hizi mbili. Ukizijumlisha bila kutoa dawa ya mwanzo, klorini itapita kiasi.

Kwa nyumba nyingi za Mombasa, mimi naona kupaka ndiko kunakolingana na maisha yetu.

Vyovyote utakavyofanya, fungua kila mfereji wa nyumba mpaka unuse klorini, uufunge, uiache dawa ikae na kwenye mabomba. Chujio la maji ya kunywa liondoe kwanza. Maji yenye dawa yasipotee: osha sakafu ya ua, sugua choo, yaliyobaki yaache wazi juani kabla ya kumwagia mimea.

*Tangi.* Plastiki na saruji havina shida. Bati na chuma hutafunwa na klorini, kwa hivyo muda uwe mfupi na kusuuza kuwe kwa haraka.

*Hatari.* Vaa glavu, kinga macho. Jiki isichanganywe na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Isichanganywe pia na dawa yoyote yenye amonia.

*Vifaa.* Jiki iko kila duka la mtaa. Klorini ya unga inapatikana kwa wauzaji wa dawa za mabwawa ya kuogelea, nao Pwani hatuwakosi kwa sababu ya mahoteli. Ila uliza uambiwe wazi: unataka kalsiamu haipokloraiti isiyo na kitu kingine. Zipo klorini za bwawa zilizochanganywa na vidumishi au dawa za koga, hizo si za tangi la kunywa.

*Inamfaa nani.* Wenye kunywa maji ya tangi, wanaopokea maji ya boza au mkokoteni, walio karibu na vyoo vya shimo, na nyumba yoyote iliyopatwa na maradhi ya kuhara.

Ndimu ya unga na siki

*Inaondoa nini.* Magamba ya chokaa. Ile ndimu ya unga ya madukani, inayotiwa kwenye achari, ndiyo asidi ya limau yenyewe. Vijiko viwili vikubwa katika lita moja ya maji ya vuguvugu, pakaza juu ya chokaa, subiri, utaona inatoa povu na kulainika. Siki nyeupe inafanya kazi ile ile polepole zaidi. Kuua viini ni jambo lisiloweza kuaminiwa kwa yoyote kati ya hizo, ingawa wapo wanaopenda siki kwa sababu wanaiona ni ya asili. Cha asili hakitoshi pale penye kipindupindu.

*Maji yanayopotea.* Kidogo tu.

*Tangi.* Hapa pana sharti kali. Plastiki ni sawa. Saruji hapana: saruji yenyewe ina chokaa, na asidi haitajua kutofautisha gamba na ukuta. Ukipaka ndimu kwenye tangi la saruji unaondoka na ngozi yake, unaacha vinyweleo ambamo uchafu utajishika. Bati nalo hapana, zinki itaondoka.

*Hatari.* Ndogo ikiwa peke yake. Tatizo ni pale inapokutana na jiki iliyobaki. Ukitaka kutumia zote mbili, anza na asidi, suuza mpaka maji yatoke matupu, ndipo ulete klorini. Na ikiwezekana zitenganishe kwa siku nzima.

*Vifaa.* Ziko dukani na sokoni. Kwa tangi kubwa ndimu ya unga inakuja nafuu kuliko siki, kwa sababu siki ya chupa sehemu kubwa ni maji.

*Inamfaa nani.* Wenye maji ya kisima na tangi la plastiki. Kama birika lako la chai halijawahi kuganda chokaa, tangi lako halina haja na asidi.

Haidrojeni peroksaidi

*Inaondoa nini.* Inaua viini na inalegeza koga. Chokaa haiigusi, mashapo inayaacha palepale.

*Maji yanayopotea.* Ni sawa na klorini ya kujaza tangi. Uzuri wake ni kwamba huvunjika ikawa maji na oksijeni, kwa hivyo haiachi ladha wala harufu mbaya. Wasiovumilia harufu ya jiki huipenda kwa hilo. Lakini kwa kuwa inaondoka, hailindi maji yatakayoingia kesho, wakati klorini kidogo ikibaki inaendelea kulinda.

*Tangi.* Plastiki ni sawa. Mahali penye kutu huvunjika upesi kabla haijafanya kazi.

*Hatari.* Ile ya asilimia 3 ni nyepesi. Ile kali huunguza ngozi, usiinunue. Wala usichukue ya saluni, imetiwa vitu vingine vya nywele.

*Vifaa.* Duka la dawa, kwa chupa ndogo. Na hapo ndipo inapokwama. Mafundi wa mabomba Ujerumani hutumia miligramu 150 kwa lita kwa saa 24. Kwa tangi la lita 1000 hizo ni lita tano za peroksaidi ya asilimia 3. Hesabu chupa utakazonunua.

*Inamfaa nani.* Wenye tangi dogo: mtungi wa maji ya ofisini, tangi la mashua, au lile lililo chini ya trela ya kambi.

Kwa hali yako

*Unapokea maji ya mfereji kwa mgao, tangi ni la plastiki juu ya paa.* Sugua, kisha paka klorini. Mara mbili kwa mwaka si nyingi. Mwisho wa masika ni wakati mzuri, maji yameshapungua tope. Mgao ukirudi baada ya kukatika siku nyingi, acha maji ya mwanzo yapite kwa mfereji wa nje mpaka yang'ae, ndipo uyaelekeze kwenye tangi. Kazi ndogo hiyo inakupunguzia kusugua kwa miezi.

*Maji ya kisima, ukuta una chokaa.* Ndimu ya unga kwanza, brashi, suuza sana, na siku ya pili klorini. Usiiache hatua ya mwisho kwa kuwa maji yanaonekana meupe na safi. Ya kisima ndiyo yanayohitaji dawa zaidi.

*Unanunua kwa mkokoteni na kuhifadhi kwenye pipa au mitungi.* Chombo unakifikia kwa mkono, kwa hivyo sugua kila kinapoisha. Pipa lipake klorini mara moja kwa mwezi. Halafu maji ya kunywa yatiwe dawa ya kutibia maji kwa kipimo cha lebo kila unapojaza, maana kila safari ya mkokoteni inakuletea maji usiyoyajua.

*Ploti yenye wapangaji wengi na tangi kubwa la chini.* Hii kazi mpe fundi mwenye kamba, watu wa kutosha na taa. Kabla hamjakubaliana bei, muulize atatumia dawa gani na kiasi gani, na ataingiaje na kutoka. Fundi anayekuja peke yake na ndoo usimruhusu ashuke. Wapangaji waarifiwe siku moja kabla wachote maji yao. Na kwa kuwa tangi ni la saruji, ndimu na siki zisikaribie.

*Trela ya kambi au gari la safari la kwenda Tsavo.* Tangi la namna hii mkono hauingii, kwa hivyo mwendo wa gari ndio brashi yako. Kwa tangi la lita 80 tia jiki mililita 115 au peroksaidi ya asilimia 3 mililita 400. Jaza, fungua mfereji mpaka dawa ifike, endesha kidogo njia ya mabonde ili maji yapige kuta, liache usiku kucha, toa yote, suuza mara mbili. Ukirudi safari lihifadhi likiwa kavu, kifuniko wazi na tundu limefunikwa wavu. Maji yaliyosahauliwa ndani kwa miezi chini ya jua la Mombasa yataota koga hata kama yalikuwa safi.

*Una mgonjwa, mtoto mchanga au mzee nyumbani.* Usisubiri zamu ya tangi. Klorini ndani ya tangi, na zaidi ya hapo maji ya kunywa yachemshwe.

*Tangi halina kifuniko kizuri.* Kabla hujanunua dawa yoyote, nunua kifuniko. Kunguru wa mji huu hutua juu ya matangi na kuacha kinyesi na mabaki ya vyakula. Mbu wanaoeneza homa ya dengi na chikungunya, maradhi ambayo yote mawili yameshaizuru Mombasa, dengi mwaka 2013 na chikungunya mwaka 2017 na 2018, hutaga ndani ya vyombo vya maji yaliyohifadhiwa nyumbani. Kifuniko kikae sawasawa, bomba la kufurikia lifungwe wavu mwembamba, na tangi liwe jeusi au lenye rangi isiyopitisha mwanga, maana koga ya kijani haioti gizani. Likishafunikwa, rudi kwenye swali la kwanza: maji yako yanatoka wapi.